Mtaa Uliokinga

Injinia Nyemo Mhembano alikuwa amejiapiza kwamba asubuhi ile hatapokea simu ya mtu yeyote wa Chikole. Simu ya kwanza kuita ikawa ya binti yake.

Aliiacha itetemeke juu ya meza ya chumba cha uongozaji mpaka ikakaribia kuanguka. Kupitia kioo kikubwa alikiona kilima chenyewe, mashariki mwa jiji la Makangwa, kimejaa mabati tangu kileleni hadi chini, na moshi wa jikoni unapanda hapa na pale. Watu walikuwa wanaamka, wanachemsha chai, wanapiga mswaki. Hakuna aliyejua lolote. Akajiuliza ni mama gani asiyepokea simu ya binti mwenye kichanga, akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwendwa wangu. Mmeamkaje? Mtoto?"

"Mtoto mzima, mama. Ila huyu somo yako ana makelele!"

Nyuma yake ikasikika sauti nyingine, nzito na yenye kicheko. "Mwambie mkwe, wajina wake analia kama king'ora cha ofisini kwao!"

Huyo alikuwa Mama Mazoya, mama mkwe wa Mwendwa. Kwa kawaida mzazi wa mara ya kwanza hurudi kwa mama yake akalelewe. Lakini mama wa Mwendwa ni Injinia Nyemo, mtu ambaye hata kuku wake hulishwa na jirani, basi ikabidi mzazi alelewe ukweni, Mtaa wa Wafinyanzi, chini kabisa ya kilima cha Chikole. Asubuhi na jioni Mama Mazoya alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, akimpikia uji wa pilipili manga, akimfunga tumbo, na wala hakuwahi kumsimanga Nyemo kwa kazi ile. Kutosimangwa huko ndiko kulikomuuma Nyemo zaidi.

"Mama," Mwendwa akasema, "maji leo yanatoka kidogo mno. Sufuria ya kukandia haijai. Kuna nini?"

Nyemo akauangalia mlango, asije mtu akasikia.

Kilichokuwepo ni hiki. Kabla ya utando, nusu ya maji ya Makangwa yalikuwa yanaishia ardhini kwenye mabomba yaliyopasuka. Utando ndio uliolikomboa jiji. Ni kitu hai, kilichooteshwa maabara, kinachotanda ndani ya bomba kama ule utando wa juu ya maziwa yaliyochemka. Bomba likipata ufa, utando unauziba. Vijidudu vikiingia, unavila. Tena una hisia: maji yanapopita unayapima, habari zake zikafika ofisini bila mtu kutoka na mita. Nyemo ndiye aliyeupanda Chikole, enzi hizo bado mhandisi kijana wa kutambaa ndani ya mabomba kwa magoti. Kwa kazi hiyo alipandishwa cheo, na kwa kazi hiyo watu walimwita Injinia kwa heshima hata sokoni.

Sasa utando wa Chikole ulikuwa unaumwa.

Uligeuka rangi, ukawa wa zambarau, na maabara walipoukwangua wakakuta sumu. Mbuzi waliokunywa kwenye bomba la kutolea uchafu walianza kuyumba, kisha miguu ikawaacha, kisha pumzi. Dawa yake haikuwa imejulikana. Ila sumu hiyo ilikuwa na tabia moja ya kuwapa watu nafasi: maji yakipita polepole, utando ulishikamana na bomba na maji yakabaki salama. Maji yakienda kasi ghafla, ulibanduka vipande vipande, na hapo ndipo yalipokuwa sumu. Tena bomba la Chikole haliishii Chikole. Likishamaliza kilima linashuka bondeni, kunakoishi nusu ya jiji.

Kwa hiyo njia pekee ilikuwa kufunga maji taratibu, kutwa nzima, mpaka yatulie kabisa, ndipo wamwage klorini, wauue utando wote na kuotesha mwingine. Malori ya maji yalikwisha jazwa, yamefichwa nyuma ya karakana. Kilichobaki kilikuwa swali moja tu: watu waambiwe au wasiambiwe?

Makangwa ilikuwa na sheria yake, iliyoandikwa baada ya ule mwaka wa kiu ambao watu walikatiwa maji kimyakimya wakazikana. Maji hayakatwi bila jina. Kila maji yanapofungwa, injinia mwenyewe anasema kwenye vipaza sauti vya mitaa: mimi fulani, nafunga maji ya mahali fulani, kwa sababu fulani. Nyemo hakuwahi kuivunja. Watu walikwisha izoea sauti yake, na wakiisikia tu kila mtu hukimbilia bomba kukinga. Ndoo, madumu, mapipa, beseni la mtoto. Mwaka jana, alipotaka kusafisha tangi moja tu, aliwaomba kwa upole kila nyumba ikinge ndoo moja. Jiji likakinga mpaka kwenye masufuria ya harusi.

Akitangaza leo, Chikole nzima itafungua mabomba kwa mkupuo, na maji yatakimbia. Utaratibu wake mzuri wa miaka yote ndio ungewaua.

"Wewe ndiye mwenye jina, Injinia," Mkurugenzi alikuwa amemwambia kikaoni jana, akikwepa macho yake. "Ukisema tutangaze, tutatangaza."

Akasema wasitangaze. Alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake.

"Mama? Upo?"

"Nipo." Alishusha sauti, akageukia dirishani. Kichwani alikuwa akipiga hesabu asiyotaka kuipiga. Pipa moja, bomba likifunguliwa nusu, halitikisi kitu. Pipa moja ni kama tone. Na mzazi hawezi kukaa bila maji ya kukandwa, na kichanga lazima kioge, na malori yatachukua muda kufika kule chini. "Mwendwa, nisikilize vizuri. Jazeni pipa moja. Moja tu, na bomba mlifungue kidogo, lisitiririke kwa nguvu. Fanyeni sasa hivi. Halafu usimwambie mtu."

"Yanakatika?"

"Usimwambie mtu, mwanangu."

Akakata simu. 

*

"Injinia, njoo uone."

Chiwanga, msaidizi wake, alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Tangu alfajiri alikuwa akizifunga valvu za Chikole kwa upana wa ukucha, anasubiri, anatazama, anafunga tena. Mbele yake ukuta mzima ulikuwa ramani ya jiji, kila nyumba taa yake ndogo. Nyumba isiyotumia maji taa yake huzimika. Ikifungua bomba, utando unahisi na taa inawaka. Chikole ilikuwa inafifia vizuri, kama walivyopanga. Saa chache zaidi na ingekuwa imelala.

Ila chini ya kilima kulikuwa na taa moja imewaka.

"Hiyo ni nyumba moja tu," Nyemo akasema. Aliijua. Hakuhitaji kusoma namba. "Mtu anakinga pipa. Haina neno."

"Haina neno," Chiwanga akakubali, akapuliza chai yake.

Pembeni ya taa ile ikawaka nyingine. Wakatazamana. Kisha ya upande wa pili. Kisha nyumba ya mkabala. Zikawa zinawaka moja moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea, anabisha hodi, anasalimia, anasema neno, anahamia mlango unaofuata. Nyemo alisimama pale akimwona Mama Mazoya kwenye taa zile, kanga begani, hatua zake za taratibu kwa sababu ya goti lake bovu. Alikuwa amelihesabu bomba barabara, kipenyo chake, mwinuko wake na kasi ya maji ndani yake. Mtaa hakuuhesabu. Alisahau kwamba Mtaa wa Wafinyanzi hakuna mwanamke anayeweza kujaza pipa lake na la jirani likiwa kavu, kisha akala chakula kikapita kooni.

"Kuna mtu amevujisha," Chiwanga akasema.  "Kuna mtu wa hapa ndani amewaambia watu wake. Nani?"

 Mtaa mzima wa Wafinyanzi ulikuwa umewaka. Sindano ya mwendo wa maji, iliyokuwa inashuka tangu alfajiri, ikasimama, kisha ikaanza kupanda.

"Nimeuliza nani..."

"Ni mimi."

Chiwanga akageuka taratibu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu nywele za Chiwanga zikiwa nyeusi, na hakuwahi kumtazama hivi.

"Binti yangu ana kichanga," Nyemo akasema, na papo hapo akajichukia kwa kulisema.

"Mama yangu yuko Chikole juu," Chiwanga akasema. "Kipofu. Anaishi na mpwa wangu. Leo asubuhi kanipigia kuniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, nikakata simu." Akaweka kikombe chini. "Sikumwambia, Injinia. Wewe ndiye uliyesema tusiseme."

Muda haukuwepo. Ukutani, kando ya bomba kuu, mstari wa zambarau ulianza kukatika. Utando ulikuwa unabanduka. Kipande cha kwanza, cha pili, vinashuka na maji kuelekea Wafinyanzi, na baada ya Wafinyanzi, bondeni.

 Kulikuwa na valvu mbili. Ya juu ya kilima, ukiifunga kwa ghafla, bomba linanyonya na utando wote wa Chikole unang'oka kwa pamoja. Ya chini, ile iliyo mita chache baada ya Mtaa wa Wafinyanzi, ukiifunga unaliokoa bonde zima. Lakini maji yatagonga pale na kurudi nyuma, yatang'oa kila kilichobaki karibu, na vipande vyote, vya juu na vya chini, vitaishia kwenye mabomba ya mtaa ule mmoja, na mabomba yake yote yako wazi, yanajaza mapipa.

"Ukifunga ya chini..." Chiwanga akaanza.

"Najua kuna nani."

"Na vipaza sauti hatuwezi kutumia. Wakikusikia tu, Chikole nzima wanafungua."

"Najua, Chiwanga!"

Alikishika kitufe cha valvu ya chini. Kwa muda ambao angeuonea aibu maisha yake yote hakukibonyeza. Aliwaza: watu wa bondeni siwajui. Wazo lilipita waziwazi, akalisikia, akaogopa kwamba ni lake. Kisha akabonyeza.

Ukuta ukatikisika kwa taa nyekundu. Sindano ikaruka, ikaanguka. Bonde likabaki na kijani chake kitulivu, watu maelfu kwa maelfu wanaendelea kuosha vyombo bila habari. Na Wafinyanzi, kote mtaani, zambarau.

Nyemo alikuwa tayari ana funguo za gari mkononi, simu sikioni. Simu ya Mwendwa iliita, ikaita, haikupokelewa. Saa hizo ndizo mzazi anakandwa, na simu iko kitandani.

"Endelea na ya juu taratibu," akasema akielekea mlangoni. "Malori yaondoke. La kwanza liende Wafinyanzi."

"La kwanza liende Wafinyanzi?" Chiwanga akauliza, bila hasira, akitaka tu kuhakikisha amesikia.

Nyemo akasita kizingitini. "Hapana. Uko sahihi. La kwanza liende juu, kwa mama yako na wenzake. Wafinyanzi naenda mwenyewe."

*

Njiani alikuwa akijisemea maneno kwa sauti, kama mtu anayejiandaa kwa usaili wa kazi. Ndugu zangu, mwageni maji. Jamani, mimi ni Injinia Nyemo, mwageni maji. Kila alivyoyageuza yalisikika ya kichaa. Mabomba yamekauka, jua linaunguza tangu asubuhi, na mtu anakuja kukwambia mwaga ulichokinga.

Maabara walikuwa wamesema maji yenye sumu hayana rangi wala harufu. Kitu pekee, mbuzi waliyapenda. Yana utamu wa mbali, mkemia alisema, na mbuzi wale walisukumana kuyafikia.

Aliukuta mtaa umechangamka kama siku ya sikukuu. Mapipa yalikuwa barazani, madumu yamepangwa ukutani, mabeseni yamefunikwa kwa sinia. Watoto walikuwa wamelowa matumbo. Mabomba yalikuwa yamekwisha kauka, yanakoroma upepo, na wanawake walikuwa wamesimama mikono viunoni wakitazama walichovuna, wameridhika.

"Huyo hapo mkwe!" mmoja akapaza sauti. "Injinia wetu! Mungu akuzidishie, mama, umetukumbuka!"

Wakapiga vigelegele. Nyemo alisimama katikati ya njia na vigelegele vile vikimwangukia, akatamani ardhi ipasuke.

"Nani amekunywa?" akauliza. Akarudia kwa nguvu. "Haya maji, nani ameshakunywa? Mmepikia? Mmewapa watoto?"

Kelele zikapungua. Wakatazamana. Chai walikwisha kunywa asubuhi kwa maji ya jana, walisema. Mchana bado. Haya ni ya akiba, nani anaanza na akiba?

Akashusha pumzi kidogo tu. "Basi sikilizeni. Mwageni. Yote. Yana sumu."

 Halafu mwanamke mmoja mrefu, Mama Lugano, muuza maandazi, akacheka kicheko kikavu.

"Ngoja nikuelewe, Injinia. Asubuhi unatuambia tukinge. Sasa mabomba yamekauka unatuambia tumwage. Mna nini huko ofisini?"

"Sikuwaambia mkinge."

"Mama Mazoya kapita hapa kwa miguu yake akasema mkwe wangu kasema."

"Nilimwambia binti yangu." Ikamtoka. Hakukuwa na njia nzuri ya kuitoa. "Nilimwambia binti yangu peke yake. Nyinyi sikuwaambia. Nilijua maji yanafungwa na sikutangaza, kwa sababu mkifungua wote kwa pamoja yanageuka sumu. Mmefungua wote kwa pamoja. Sumu iko kwenye mapipa haya."

Lilikuwa jua kali lakini aliona nyuso zikipoa moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo," Mama Lugano akasema polepole, "binti yako akinge, sisi tufe na kiu. Na sasa tumekinga, tumwage. Na binti yako? Lake analimwaga?"

"Lake pia."

"Tutajuaje? Kesho tukikauka hapa, kumbe lako lile la kwanza lilikuwa zima, si ndiyo? Ulilikinga mapema. Sisi ndio wajinga." Akalikumbatia pipa lake kwa mkono mmoja. "Mimi simwagi. Miaka yote ukisema tunakuamini kwa sababu unasema kwa wote. Leo umesema na mmoja. Mimi simwagi."

"Wala mimi," mwingine akaitikia, na manung'uniko yakapita kutoka baraza hadi baraza. Mtoto mmoja alichota maji kwa kata kwenye beseni. Nyemo akaruka, akampokonya, mtoto akaangua kilio, na mama yake akaja juu kama mbogo. Kwa dakika ile Nyemo aliona kabisa jinsi itakavyokuwa: atawasihi, watabisha, jua litapanda, kiu itawashika, na mmoja atakunywa ili kumwonyesha kwamba ni mwongo.

Mlango wa nyumba ya Mama Mazoya ukafunguliwa. Mwendwa akatoka, kajifunga kanga mbili, tumbo limekazwa kwa kitambaa, uso umevimba kwa usingizi wa vipande vipande. Mzazi hakutakiwa kutoka nje siku zile, na majirani kadhaa waliguna kwa kumwona. Mtoto alikuwa begani kwake amelala.

Alikuwa amesikia yote, ilionekana. Alimtazama mama yake kwa muda, kana kwamba anatafuta mtu aliyemfahamu.

"Mama," akasema. "Safari hii unaniambia mimi, au unatuambia sisi?"

Nyemo akahisi swali lile likimwingia mpaka mfupani. Akafanya kitu pekee alichokuwa akikijua tangu ujana wake. Akasimama wima, mikono pembeni, akapaza sauti kama yuko mbele ya kipaza.

"Mimi Nyemo Mhembano, injinia wa maji wa Makangwa. Nimefunga maji ya Chikole bila kusema jina langu. Nasema sasa. Maji yaliyokingwa Mtaa wa Wafinyanzi leo yana sumu, na yamepata sumu kwa kosa langu. Yamwagwe yote. Nawaambia nyinyi, wote, kwa pamoja."

Mwendwa akaitikia kwa kichwa. Akampa mtoto jirani wa karibu, akaliendea pipa lao, lile la kwanza, lile moja, lililokuwa limejaa mpaka ukingoni. Alikuwa bado mwenye kidonda na hakupaswa kusukuma kitu. Akalishika kwa mikono miwili, akauma meno, akasukuma. Likayumba, halikuanguka. Nyemo akakimbia kumsaidia, lakini Mwendwa akamzuia kwa kiwiko, bila kumtazama, akasukuma tena. Pipa likalala. Maji yakatoka kwa kishindo, yakapita kwenye miguu ya mama yake, yakaingia mfereji mkavu wa barabarani.

Mama Lugano aliyatazama yakipotea. Akasonya sonyo refu lenye machozi ndani yake. Kisha akaliinamisha pipa lake.

Wakamwaga.  Mapipa, madumu, mabeseni, sufuria kwa sufuria, mpaka njia ikawa tope na watoto wakafungiwa ndani wasichezee. Wengine walilia waziwazi. Nyemo alimwaga pamoja nao, viatu vimejaa matope, akienda nyumba hadi nyumba kama Mama Mazoya alivyokwenda asubuhi, na kila alipobisha hodi alisema jina lake kwanza.

Alipomaliza mtaa ndipo alipogundua kwamba hajamwona Mama Mazoya.

Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, goti bovu kalinyoosha. Sufuria ya kukandia ilikuwa imepinduliwa. Alikuwa amekwisha imwaga mwenyewe. Alikuwa anavisuguasugua vidole vya mkono wa kushoto, taratibu, kimoja kimoja, kama mtu anayevitafutia joto.

"Karibu, mkwe," akasema. "Nisamehe. Ulimwambia Mwendwa tuwe kimya, nami nikashindwa. Ningejazaje langu, la Mama Lugano likiwa tupu?"

"Si wewe wa kuomba msamaha." Nyemo alipiga magoti kwenye majivu mbele yake. "Mwendwa amekunywa? Niambie kweli."

"Mzazi? Thubutu!" Mama Mazoya akaonekana kukerwa kidogo. "Nimpe mzazi maji sijui yakoje? Chochote kinachomwingia Mwendwa, chakula, dawa, maji, mimi naonja kwanza. Tangu siku ya kwanza nafanya hivyo. Ni mtoto wako niliyekabidhiwa."

Nyemo aliona kikombe cha bati chini ya kigoda. Akakiokota. Kilikuwa kikavu.

"Ulionja lini?" Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Asubuhi, yakitoka polepole, au baadaye?"

"Baadaye. Yale ya asubuhi niliacha yatulie pipani. Bomba lilipopata nguvu ghafla nikasema ngoja nikinge hata kikombe, nione." Alitabasamu, akaendelea kusugua vidole vyake. "Nilimaliza chote, mkwe. Yalikuwa matamu. Nikajisemea, leo mwenzangu katuletea maji mazuri."